Gari la Stima Halina Kelele. Waulize Wasioona Kama Hiyo Ni Habari Njema

Henry Bliss si jina maarufu, lakini kila mtu anayevuka barabara kwa miguu angefaa kulijua. Tarehe 13 Septemba 1899, jijini New York, huyu mzee alishuka kwenye tramu pale West 74th Street na Central Park West. Teksi ikamgonga. Alfajiri ya pili hakuwepo tena. Vitabu vya historia vinamtaja kama mtu wa kwanza anayejulikana kuuawa na gari nchini Marekani akiwa kwa miguu yake.

Sasa sikia hii: ile teksi ilikuwa ya umeme.

Ndiyo, 1899. Sisi tunadhani gari la stima ni kitu kilichokuja juzi na simu janja, kumbe lilikuwa barabarani kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Na sisemi kwamba kimya cha gari ndicho kilichomuua Bliss, hakuna ushahidi wa hivyo. Ninachosema ni kwamba lile swali la gari la umeme na mtu wa miguu si swali jipya. Lilizaliwa siku moja na gari lenyewe, likalala usingizi kama miaka mia hivi, halafu likaamshwa na watu ambao wengi wetu hatujawahi kuwashukuru. Yaani wasioona.

Leo nataka nikupitishe kwenye historia hiyo, kwa sababu kuna mahali inatugusa sisi Wakenya vibaya sana, na naona ni kama tumelala.

Kila kitu kimya kiliwahi kuvalishwa kengele

Kabla ya injini, watu walijua kwamba kitu kinachokwenda kasi bila sauti ni hatari. Ng'ombe na mbuzi wanavalishwa kengele ili mchungaji ajue waliko. Pale mtaani, jamaa wa mkokoteni akiwa na mzigo mzito hana honi wala injini, kwa hivyo anapiga mluzi na kukemea watu wapishe njia. Hakuna aliyemfundisha darasani. Anajua tu kwamba akinyamaza atavunja mtu mguu.

Baiskeli ndizo zilizofanya jambo hili liingie kwenye sheria. Uingereza, mwaka 1888, ile sheria yao ya serikali za mitaa iliweka kifungu kuhusu baiskeli: ukitaka kumpita mtu wa miguu, farasi au mkokoteni, lazima utoe onyo la kusikika, kwa kengele au filimbi au njia nyingine. Fikiria hilo. Wakati huo gari la petroli la Karl Benz lilikuwa na umri wa miaka miwili tu tangu lipate hataza. Yaani kabla dunia haijaogopa kelele za magari, ilikuwa tayari imeogopa kimya cha baiskeli.

Tramu za umeme zilipoingia mijini nazo zikawekewa kengele ambayo dereva aliigonga kwa mguu. Halafu Agosti 1897, Walter Bersey akaweka teksi za umeme kwenye barabara za London. Watu wa London wakazibandika jina la yule ndege mdogo wa Marekani ambaye mabawa yake huvuma akipaa, kwa sababu ya ule mvumo wao na rangi zao za njano na nyeusi. Kwa hivyo hata gari la umeme la enzi hizo halikuwa kimya kabisa. Lilikuwa na sauti yake, na watu waliitambua.

Injini ikawa mlinzi wetu bila kuajiriwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani, karibu theluthi moja ya magari ilikuwa ya umeme. Yalikuwa safi, hayakuwa na moshi, na hukuhitaji kuzungusha ile fimbo ya chuma mbele ya gari ili injini iwake. Halafu mwaka 1912 Cadillac wakaleta starta ya umeme, kazi ya fundi anayeitwa Charles Kettering. Kuwasha gari la petroli kukawa rahisi. Petroli ikashuka bei, barabara zikarefuka, betri za wakati ule hazikufika mbali. Umeme ukashindwa.

Petroli iliposhinda, kuna kitu kilitokea ambacho hakuna aliyekipanga. Kelele ya injini ikawa onyo. Hakuna mhandisi aliyekaa chini akasema, tuiache injini ingurume ili mtoto asikie. Ilinguruma kwa sababu ndani yake kuna mafuta yanayolipuka, basi. Lakini kwa miaka mia moja masikio yetu yalisoma ile sauti kama kitabu. Unajua lori linapanda mlima kabla hulioni. Unajua matatu imekanyaga kabla haijafika kona. Unajua boda iko nyuma yako na unajua iko upande gani. Mama anamvuta mtoto kando bila hata kugeuza shingo.

Sisi tunaoona tulitumia sauti hiyo kama msaada tu. Kwa mtu asiyeona ndiyo ilikuwa barabara yenyewe.

Wacha nieleze, maana wengi hudhani kipofu anavuka kwa kubahatisha au kwa kushikwa mkono. Mtu aliyefunzwa kutembea na fimbo nyeupe akifika kwenye makutano yenye taa husimama akasikiliza. Magari yanayokatiza mbele yake yakitulia, na yale yanayokwenda sambamba na yeye yakianza kunguruma na kuondoka, hapo anajua taa imebadilika na zamu yake imefika. Ule mngurumo pia unampa mstari: akiendelea kuusikia kando yake, anajua anatembea moja kwa moja na hajapinda kuingia katikati ya barabara. Hiyo ni hesabu kamili, inafanywa na sikio. Sasa ondoa sauti uone kinachobaki.

Waliogundua kwanza hawakuwa wahandisi

Desemba 1997 Toyota wakaanza kuuza Prius nchini Japani, na miaka michache baadaye ikasambaa duniani. Prius ni haibridi, ina injini na mota ya umeme. Kwenye mwendo wa pole, injini hulala na mota inafanya kazi peke yake. Wateja wakasifu. Magazeti yakasifu. Kimya kikawa tangazo la biashara.

Waliolalamika walikuwa wanachama wa National Federation of the Blind, chama cha wasioona cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1940. Mmoja wao ni Deborah Kent Stein, mwandishi asiyeona anayeishi Chicago. Mwaka 2005 aliandika makala kwenye jarida la chama hicho akieleza hatari ya magari yasiyosikika, na akaja kuongoza kamati yao ya usalama wa watembea kwa miguu. Hawakuwa wanapinga magari safi. Walichosema ni rahisi: tumetembea peke yetu mijini kwa miaka mingi, na hili gari linatunyang'anya uhuru huo.

Jibu walilopata mwanzoni ni lile ambalo mtu yeyote mwenye ulemavu analijua: leteni ushahidi. Ati tuambiwe ni wangapi wamegongwa.

Basi ushahidi ukaja. Mwaka 2008 profesa Lawrence Rosenblum wa University of California, Riverside, aliwasikilizisha watu sauti za magari yakija kwa mwendo wa pole, kama kilomita 8 kwa saa. Ilibidi gari la haibridi lisogee karibu zaidi kwa takriban asilimia 40 kabla msikilizaji hajaweza kusema linatoka upande gani. Septemba 2009, idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikatoa uchunguzi wake. Walilinganisha magari ya haibridi 8,387 yaliyohusika kwenye ajali na ya petroli zaidi ya 559,000 kutoka majimbo kadhaa. Kwenye mwendo ule wa kupunguza kasi, kusimama, kurudi nyuma, au kuingia na kutoka kwenye maegesho, haibridi ilikuwa na uwezekano mara mbili wa kumgonga mtu wa miguu.

Angalia ni wapi hasa. Si kwenye barabara kuu. Huko gari likipita kama kilomita 30 kwa saa, sauti ya tairi na upepo inatosha, hata uweke injini gani. Hatari iko pale tunapodhani tuko salama: getini, kwenye pakingi ya duka, kwenye kona ya estate, mahali watoto wanacheza.

Japani walichukua hatua mapema na Januari 2010 serikali yao ikatoa mwongozo kuhusu sauti za magari haya. Agosti mwaka huohuo Toyota wakaanza kuuza kifaa cha kufunga kwenye Prius ambayo tayari iko barabarani, kwa yeni 12,600. Spika ndogo, waya, kazi imeisha. Kumbuka hiyo bei na hicho kifaa, nitakirudia.

Sheria ilipita haraka, utekelezaji ukatambaa

Marekani, maseneta John Kerry na Arlen Specter walibeba mswada huo, mmoja Democrat na mwingine aliyekuwa Republican miaka mingi. Mei 2010, vyama vya wasioona na vyama vya watengenezaji magari walikaa wakakubaliana maneno ya mswada. Desemba, Seneti ikaupitisha bila kupingwa, na Bunge likaupitisha kwa kura 379 dhidi ya 30. Januari 4, 2011, Rais Obama akatia sahihi.

Ungedhani kazi imeisha. Zi! Sheria iliagiza kanuni kamili ziwe tayari ndani ya miaka mitatu, yaani Januari 2014. Zilitoka mwishoni mwa 2016. Halafu tarehe ya magari yote kutii ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Machi 2021. Miaka kumi kutoka sahihi ya rais mpaka gari la mwisho kulazimika kutoa sauti. Na NHTSA wenyewe walikuwa wamekadiria kwamba kanuni hiyo, magari yote yakishaifuata, ingezuia majeruhi kama 2,400 kila mwaka. Piga hesabu ya kuchelewa wewe mwenyewe.

Ulaya nao walipitisha kanuni yao mwaka 2014. Aina mpya za magari zikalazimika kuanzia Julai 2019, na kila gari jipya kuanzia Julai 2021. Umoja wa Mataifa ukatoa kanuni namba 138 ambayo nchi nyingi zinaifuata. Kiini chake ni hiki: gari litoe sauti tangu linapoanza kutembea mpaka kilomita 20 kwa saa, na pia likirudi nyuma. Sauti ibadilike wembamba wake kadiri mwendo unavyobadilika, ili sikio lijue gari linaongeza au linapunguza kasi. Kwa kilomita 10 kwa saa, angalau desibeli 50. Kwa kilomita 20, angalau 56. Na isipite 75.

Vita kubwa ilikuwa juu ya kitu kidogo kabisa: swichi. Matoleo ya kwanza ya Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa Desemba 2010, yalikuwa na sauti ya onyo na pia kitufe cha kuizima. Watengenezaji walisema ni hiari ya mwenye gari. Wasioona wakauliza swali moja tu: breki zina swichi ya kuzizima? Mwishowe walishinda. Sheria ya Marekani haimruhusu dereva kuizima, na kanuni ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwanzoni iliacha mwanya huo, ikarekebishwa ukazibwa.

Mimi hapo ndipo naona moyo wa hii historia yote. Ukimpa dereva swichi, umempa mtu aliye ndani ya chuma mamlaka juu ya maisha ya mtu aliye nje. Na dereva mwenyewe ndiye asiyehitaji ile sauti.

Sauti gani sasa?

Hapa kuna vituko. Jaguar walipokuwa wanatengeneza gari lao la umeme, I-Pace, walijaribu sauti ya kama chombo cha angani kwenye filamu. Watu wa miguu walipoisikia wakaangalia juu mbinguni badala ya barabarani! Wakaitupa, wakatengeneza nyingine na kuijaribu na chama cha Uingereza cha mbwa wanaoongoza wasioona.

Hiyo hadithi inachekesha lakini ina somo. Sauti ya onyo haitakiwi kuwa tamu au ya kisasa. Inatakiwa kusema mambo matatu: mimi ni gari, niko upande huu, na ninakuja kwa kasi hii. Ndiyo maana kanuni ya Ulaya ilisema ifanane na ya gari la injini la aina hiyohiyo. Ndiyo maana pia mlio mmoja mwembamba kama wa simu haufai: sikio linashindwa kujua unatoka wapi. Sauti yenye mchanganyiko wa nene na nyembamba ndiyo sikio huweza kuiwekea mahali.

London walipokuwa wanaingiza mabasi ya umeme, hawakuyaacha kila moja yalie lake. Walitengeneza sauti moja ya mabasi ya jiji na wakaanza kuijaribu Januari 2020 kwenye njia namba 100. Mtu asiyeona akisikia hiyo anajua ni basi, si gari dogo. Hiyo inaitwa kufikiria.

Na mchezo pia ulifika. Tesla walitoa kitu kilichomwezesha dereva kucheza sauti zake kupitia spika ya nje gari likitembea. Februari 2022 magari zaidi ya 578,000 yakalazimika kurekebishwa programu Marekani, kwa sababu sauti hizo zingeweza kuzima ile ya onyo. Wengine waliona serikali haina ucheshi. Mimi naona ni sawa kabisa. Spika ile si ya dereva, ni ya mtu wa nje.

Lakini je, kweli inasaidia?

Mei 2024, watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walitoa uchambuzi wa ajali za Uingereza za miaka 2013 hadi 2017. Kwa kila maili milioni 100 zilizoendeshwa, magari ya umeme na haibridi yalijeruhi au kuua watu wa miguu 5.16, na ya petroli na dizeli 2.40. Mara mbili. Mjini hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko vijijini.

Watu wengine waliichukua taarifa hiyo kama silaha ya kupinga magari ya umeme. Pole pole. Angalia miaka: 2013 mpaka 2017 ni kabla ya sauti kuwa lazima Ulaya. Tena madereva wa magari hayo huenda ni vijana zaidi na huendesha zaidi mjini, na watafiti wenyewe walilitaja hilo la vijana. Kwangu mimi, takwimu hizo zinaonyesha barabara zilivyokuwa kabla ya kanuni kushika. Si sababu ya kurudi kwenye moshi. Ni sababu ya kutorudia kosa la kuleta chombo kwanza na kufikiria mtu wa miguu baadaye.

Kuna pia wanaosema: dunia ina kelele za kutosha, kwa nini tuongeze? Hoja nzuri, na naiheshimu. Lakini desibeli 56 ni chini kidogo ya watu wawili wanaoongea kawaida. Haivuki kilomita 20 kwa saa. Gari la namna hiyo bado ni tulivu kuliko matatu yoyote iliyowahi kukupita. Na usiniambie dereva apige honi tu. Honi hupigwa na mtu aliyeshakuona. Anayekugonga, mara nyingi, ni yule ambaye hajakuona.

Sasa turudi nyumbani

Hapa Kenya, umeme haukuingia kwa magari ya kifahari. Umeingia kwa boda. Roam, Spiro, Ampersand na wengineo wameweka pikipiki za stima barabarani, na vituo vya kubadilisha betri vinazidi kuonekana kando ya petroli stesheni. Mabasi ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Mimi nashangilia hayo yote. Mwanaboda anabakisha pesa zaidi mfukoni, mapafu yetu yanapumua. Tuko pamoja.

Lakini rudi kwenye ile kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa ambayo kila mtu anaisifu. Inahusu magari ya abiria na ya mizigo, yaani matairi manne kwenda juu. Pikipiki haimo. Na Marekani? Pendekezo la kanuni la mwaka 2013 lilikuwa na pikipiki ndani. Kanuni ya mwisho ya 2016 ikaziondoa.

Kwao hilo halikuwa jambo kubwa, kwa sababu Marekani na Ulaya pikipiki ya umeme ni kitu cha watu wachache wa wikendi. Kwetu pikipiki ndiyo uchumi. Kwa hivyo hata tukinakili kanuni zao neno kwa neno, tukazipiga muhuri, tukazizindua kwa ngoma na picha, tutakuwa tumelinda watu dhidi ya magari machache ya stima na kuacha nje chombo kimoja ambacho kipo kila mahali.

Na fikiria boda hupita wapi. Magari ya Chicago yana barabara yao na mtu wa miguu ana njia yake. Hapa boda hupanda njia ya watu, hupita daraja la watu, huja upande usio wake, huingia mpaka mlango wa duka. Tairi mbili nyembamba, mwendo wa pole, mota ya umeme: hapo hata ile sauti ya tairi haitoshi. Kwa miaka yote hii, kilichomwokoa mama wa soko, mzee wa kiziwi nusu, mtoto wa shule na mtu mwenye fimbo nyeupe ni ule mlio wa boda tunaoulaani kila asubuhi. Tunauondoa, sawa. Tunaweka nini mahali pake?

Nchi hii watu wa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani, mwaka nenda mwaka rudi. Hilo lilikuwa hivyo hata wakati kila chombo kilikuwa kinapiga kelele.

Halafu kuna magari ya mitumba kutoka Japani. Tunaruhusu gari lisilozidi miaka minane. Japani walilazimisha sauti kwa aina mpya za magari mwaka 2018 na kwa zile zilizokuwa tayari zinatengenezwa mwaka 2020. Kwa hivyo kuna haibridi na magari ya umeme yaliyoundwa kabla ya hapo ambayo yako kwenye barabara zetu tayari, na mengine yana kile kitufe cha kuzima. Sijui mnunuzi gani huuliza hilo pale bandarini au kwenye yadi. Tunauliza kilomita, tunauliza rangi, tunauliza betri.

Tufanye nini? Naona manne, na hakuna hata moja linalohitaji miujiza.

Kwanza, pikipiki na tuktuk za stima ziwe na sauti ya onyo kwenye mwendo wa chini, kwa kiwango chetu wenyewe, bila kusubiri Geneva watukumbuke. Wao waliandika kanuni kwa barabara zao.

Pili, pasiwe na swichi. Hiyo vita wenzetu waliipigana karibu miaka kumi. Tusianze upya.

Tatu, vyombo vilivyo barabarani tayari vifungwe kifaa. Wajapani walionyesha tangu 2010 kwamba inawezekana. Kampuni ndizo zibebe gharama hiyo, siyo mwanaboda anayelipa mkopo wa kila siku. Tukimtwika yeye, ataikata waya na sitamlaumu.

Nne, na hili ndilo la maana kuliko yote: wasioona wakae mezani tangu siku ya kwanza. Kenya Union of the Blind ipo. Katiba yetu, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali popote na usafiri wa umma. Haki hiyo haiishii kwenye mlango wa basi. Inaanza pale anapovuka barabara kuliendea. Sauti ichaguliwe wao wakiwa kando ya barabara, Gikomba na Kongowea, penye kelele zetu halisi, siyo kwenye chumba cha mikutano cha hoteli.

Najua kuna atakayesema sauti pekee haiokoi mtu kama hakuna njia ya miguu na madereva hawapunguzi mwendo. Kweli kabisa, tujenge na hizo njia. Lakini njia ya miguu inachukua miaka na tenda. Spika inafungwa asubuhi moja.

Historia hii inanifundisha kwamba waliosikia hatari mapema ni wale ambao wengine waliwaona kama watu wa kusaidiwa tu. Walisema, wakapuuzwa, wakaambiwa walete takwimu, na takwimu zilipokuja zilikuwa ni watu waliokwisha kugongwa. Sisi tuna bahati ya kuingia kwenye mchezo huu nyuma ya wenzetu. Majibu tayari yako mezani. Kilichobaki ni kuamua kama tutayatumia mapema, au tutasubiri mpaka na sisi tupate orodha yetu ya majina.

Kama wewe ni mwanaboda wa stima, au huoni na unatembea mjini, nataka kusikia kutoka kwako hapa chini. Niambie unavuka wapi, na unasikia nini.